Uvungu wa Gari Kabla ya Kuchomelea na Kupaka Rangi: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Gari likitoka gereji likiwa limezibwa matobo ya sakafu, limechomelewa chasisi na kupakwa rangi nyeusi uvunguni, huwa linapendeza, kwa kuwa rangi mbichi huficha mazuri na mabaya kwa pamoja. Mvua za masika zikipita ndipo kazi hujieleza yenyewe: hapa rangi imetuna malengelenge, pale imebanduka kwa vipande vikubwa, na kando ya mshono wa kuchomelea kumejitokeza mstari wa kutu. Lawama hupelekwa kwa aliyeuza rangi, kwa mashine, au kwa fundi aliyechomelea. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizi huanza mapema zaidi, wakati uvungu unaposafishwa, na kwamba kila kasoro hubeba alama ya hatua iliyorukwa. Anayejua kuisoma alama hiyo halazimiki kubomoa kazi yote. Huirudia hatua iliyokosewa na kuendelea kutoka hapo.

Uchafu unaokutwa uvunguni

Magari yanayozungumziwa hapa ni yale yanayotembea katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Zanzibar: Hiace za abiria, Noah za familia, pikapu za mizigo na Land Cruiser za kazi. Mengi kati yake yameletwa yakiwa yametumika nchini Japani, na baadhi yalitembea Hokkaido au kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ambako wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo, ambayo ni kloridi ya sodiamu au kloridi ya kalsiamu, husafiri na gari. Hujificha ndani ya boksi za chasisi, yaani mihimili yake yenye uwazi ndani, katika maungio ya mabati na juu ya mabano yanayoshikilia tangi la mafuta. Kloridi ya kalsiamu huvuta unyevu kutoka hewani hata pale hewa inapokuwa na unyevunyevu wa asilimia 30 hivi, na chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe unyevunyevu ukifika kama asilimia 75. Hewa ya mwambao huvuka kiwango hicho cha pili katika usiku mwingi wa mwaka. Ndiyo maana gari lenye chumvi uvunguni halikauki sawasawa hata likiegeshwa bandani kwa wiki nyingi, na kutu yake inaendelea kula wakati gari limesimama.

Pikapu zinazobeba samaki zina shida yao ya pekee, kwa sababu maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi huchuruzika kupitia matundu ya karoseri na kuangukia chasisi mahali palepale kila siku. Kisha ipo desturi ya kupuliza dizeli au oili chafu uvunguni baada ya gari kuoshwa, kwa nia ya kuzuia kutu. Mafuta hayo hayazuii kutu iliyokwisha kujificha chini ya matope, huvimbisha mipira ya bushi, na huacha utando ambao baadaye utasumbua fundi wa kuchomelea na fundi wa rangi pia. Kwa maoni yangu, gari linalotarajiwa kuchomelewa au kupakwa rangi mwaka huohuo lisipulizwe dizeli kabisa.

Mpangilio wa kazi, kwa sababu dalili zote hurejea hapo

Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara katika sakafu ngumu, na hakuna mtu anayeingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Uvungu hukwanguliwa kwanza ukiwa mkavu, kwa patasi butu na brashi ya waya, ili matope yaliyoganda, magamba ya kutu na lami iliyolegea vitoke. Lami ya uvunguni hukwanguka vizuri zaidi alfajiri, ikiwa bado ngumu. Jua la mchana huilainisha, ikaanza kunata na kuziba msasa.

Baada ya hapo mafuta huondolewa kwa sabuni ya kukata mafuta, tena kabla grainda haijagusa chuma, kwa sababu jiwe la grainda husukuma mafuta ndani ya mikwaruzo linayoichonga lenyewe, na mafuta yaliyozama humo hayatoki tena kwa kitambaa. Hatua ya tatu ni kusuuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi, ndani ya boksi na nje. Ya nne ni kukausha. Ya tano ni kusugua mpaka chuma kionekane, na ya mwisho ni kuondoa vumbi na kupangusa kwa kiyeyushi safi muda mfupi kabla ya kazi. Kinachoharibu kazi katika gereji nyingi si uvivu, kwani watu husugua mpaka mikono inauma. Ni kuanza na hatua ya tano.

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama ambacho kinastahili kufanywa kila mara baada ya kuondoa mafuta. Nyunyiza maji safi juu ya sehemu iliyooshwa na uangalie kwa makini kwa sekunde chache. Maji yakitandaa na kubaki utando mmoja usiokatika, mafuta yametoka. Yakijikusanya kuwa matone ya duara, au utando ukijikunja na kuacha visiwa vikavu, mafuta bado yapo na sabuni irudiwe. Sehemu iliyo juu ya kichwa, kama sakafu ya gari, hutazamwa kwa taa ya mkononi iliyoshikwa kwa mshazari, maana kivuli cha matone huonekana kabla ya matone yenyewe.

Mshono unajaa vitundu na moto unarukaruka

Fundi anapovuta mshono, moto unapasukapasuka badala ya kutoa sauti moja ya mfululizo, cheche zinamwagika kuliko kawaida, na mshono ukipoa unaonekana umejaa vitundu. Vitundu hivyo ni gesi iliyokosa njia ya kutoka kabla chuma hakijaganda, na swali la kwanza ni gesi hiyo imetoka wapi. Chukua kipande cha bati jipya chenye unene unaokaribiana na wa gari, kisugue mpaka king'ae, ukichomelee palepale gari lilipo, kwa mashine ileile bila kubadili chochote. Kipande kikitoa mshono safi, chanzo ni uchafu wa gari. Kikitoa vitundu vilevile, acha kusugua gari na uangalie upande wa mashine: mtungi wa gesi unaokaribia kwisha, fimbo za kuchomelea zilizovuta unyevu wa pwani kwa kukaa wazi, au upepo. Gereji nyingi zipo nje, chini ya mwembe au mwarobaini, na upepo wa alasiri utokao baharini unatosha kupeperusha gesi inayokinga mshono wa mashine ya waya. Turubai lililofungwa upande upepo unakotoka hutatua jambo ambalo lita kumi za tina ya kusafishia hazingelitatua.

Ikithibitika kwamba ni uchafu, angalia jinsi vitundu vilivyokaa. Vikienea mshono mzima, basi rangi, kutu au mafuta yamebaki juu ya uso wa chuma, na sehemu hiyo isuguliwe mpaka ing'ae, angalau sentimita 3 kila upande wa mshono. Vikitokea pale tu bati moja linapolala juu ya jingine, uchafu umo katikati ya mabati hayo mawili, mahali ambapo brashi haifiki. Hapo hakuna njia ya mkato, bati la juu linapaswa kufunguliwa au kukatwa ili maungio yasafishwe kwa ndani. Vikitokea bila sababu inayoonekana upande huu, tazama upande wa pili wa bati. Lami, gundi ya kuzibia maungio au nta ya kuzuia kutu iliyoko nyuma huchemka kwa joto, na mvuke wake hupenya kwenye chuma kilichoyeyuka. Nimeona mafundi wenye mikono mizuri wakibadilisha waya na kupandisha moto, wakati tatizo lao lilikuwa lami iliyo nyuma ya bati, upande wasioutazama.

Dalili nyingine ya kundi hilo ni ukungu mweupe mzito pamoja na unga mweupe unaobaki kandokando ya mshono. Huo ni utando wa zinki uliopakwa kiwandani. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, ilhali chuma cha bati la gari huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,500 hivi, kwa hiyo zinki hugeuka mvuke kabla bati halijayeyuka. Iondolewe kwa msasa pale mshono utakapopita, na mchomeleaji avae kifaa cha kuchuja moshi wa metali. Moshi wa zinki huleta homa na baridi kali saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni, mtu akiwa ameshafika nyumbani na akidhani ni malaria. Desturi ya kunywa maziwa baada ya kuchomelea haizuii jambo hilo, kwa kuwa moshi huingia mapafuni na maziwa huenda tumboni.

Ikiwa moto haushiki kabisa au unashika na kuzimika, kibanio cha waya wa ethi huenda kimebana rangi au kutu badala ya chuma. Kisugulie mahali pake, karibu na mshono, ili umeme usipite kwenye beringi wala krosi (maungio yanayopinda) za shafti.

Bati linatoboka kila fundi anapogusa

Hapa kusafisha hakukuwa kubaya bali hakukukamilika. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo bati lililoliwa linaweza kuonekana nene kuliko lililo zima, na brashi ya waya ikipita juu yake hulipa mng'ao wa kahawia unaodanganya macho. Sakafu ya magari mengi madogo imetengenezwa kwa bati lisilofika milimita 1, kwa hiyo kilichobaki baada ya kutu kinaweza kuwa kama karatasi.

Gonga kwa nyundo ndogo sentimita kwa sentimita, ukianzia kwenye bati unalolijua kuwa zima. Bati zima hutoa mlio mkali na nyundo huruka. Bati lililoliwa hutoa mlio mfu, na nyundo hukaa. Pale mlio unapobadilika, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Kata hadi kwenye mlio mkali, si hadi kwenye ukingo wa tobo linaloonekana. Kuongeza mshono juu ya mshono pembezoni mwa bati bovu hulisogeza tobo mbele tu.

Wakati mwingine aliyekondesha bati ni msafishaji mwenyewe. Jiwe gumu la kukatia au kusagia linaondoa kutu na chuma bila kuchagua. Katika bati jembamba itumike diski ya msasa wa tabaka au ya nyuzi, kwa mkono mwepesi. Kupuliza mchanga husafisha vizuri chasisi nene ya Land Cruiser, lakini hukunja bati la sakafu, na mchanga wa ufukweni usitumike kamwe, kwa sababu unapigilia chumvi ndani ya chuma unachokisafisha na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Moshi au moto unatokea upande mwingine wa bati

Moto wa gereji hauanzii pale fundi anapotazama. Huanzia ndani ya gari, kwenye zulia, sponji na karatasi za lami zilizobandikwa sakafuni ili kupunguza kelele, au ndani ya boksi iliyonyunyiziwa nta. Lami ya uvunguni iondolewe angalau sentimita 15 kuzunguka mahali pa kuchomelea, kwa pande zote mbili. Zulia na viti vitolewe, wala visikunjwe tu pembeni. Tangi la mafuta lishushwe na kupelekwa mbali. Tangi tupu ni la hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke, na kitambaa chenye maji kilichofunikwa juu yake hakimlindi mtu yeyote. Mipira ya mafuta na ya breki iliyo karibu ifunguliwe au isogezwe, na waya wa ncha hasi ya betri utolewe. Msaidizi akae ndani ya gari na mtungi wa kuzimia moto, na asiondoke mshono unapokwisha, maana sponji inaweza kufukuta zaidi ya nusu saa kabla ya kuwaka.

Petroli isitumike kusafishia uvungu, iwe kuna kuchomelea au hakuna. Lakini iko hatari ambayo haijulikani sana na ambayo naiona kuwa mbaya kuliko ya moto. Baadhi ya dawa za kopo za kusafishia breki na kuondoa mafuta zina viyeyushi vya klorini, mfano tetrakloroethilini. Mvuke wake ukikutana na joto na mwanga mkali wa kuchomelea hugeuka gesi ya fosijini, ambayo hata kiasi kidogo chake kinaweza kuua. Aliyeivuta anaweza kujisikia vizuri kwa saa kadhaa kabla mapafu hayajaanza kujaa maji. Soma maandishi ya kopo. Ukiona neno lolote lenye klorini, au kopo likiwa limebanduka karatasi yake, lisiguse chuma kitakachochomelewa. Anayeanza kukohoa au kubanwa kifua baada ya kuchomelea chuma kilichosafishwa kwa dawa ya namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waelezwe kilichotumika.

Chuma kinageuka rangi ya machungwa saa chache baada ya kuoshwa

Huu ni utando mwembamba wa kutu mpya, na chanzo chake ni unyevu juu ya chuma kilicho uchi. Ukiwa umeenea sawasawa, ukatoka kwa kupangusa, sababu ni ukaushaji wa polepole: chuma kilioshwa jioni kikaachwa usiku kucha. Ukijitokeza kwa madoa meusi na ya machungwa mahali palepale kila baada ya kusugua, chumvi imebaki ndani ya vishimo vya kutu, na kusugua peke yake hakutaitoa. Osha tena kwa maji ya moto na brashi ngumu, kausha, kisha subiri usiku mmoja. Doa likirudi, osha mara nyingine kabla ya kufikiria praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikana na chuma.

Umande una kanuni yake. Chuma kinapaswa kuwa na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande, na unyevunyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85. Hewa yenye nyuzijoto 28 na unyevunyevu wa asilimia 80, ambayo ni asubuhi ya kawaida Dar es Salaam, hutoa umande kwenye nyuzijoto 24 hivi. Chuma chenye nyuzijoto 25 bado hakifai. Kwa hiyo kazi ya praima ifanyike kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na anayeweza kuchagua majira achague kipupwe, kati ya Juni na Agosti, badala ya kubanwa na masika au vuli.

Rangi inajitenga na kuacha vijishimo vya mviringo

Vijishimo hivi hutokea rangi ikiwa bado mbichi, na katikati yake huonekana chuma au rangi ya chini. Ni mafuta au silikoni. Silikoni hutoka kwenye dawa za kung'arisha matairi na dashibodi, na hurushwa na matairi hadi kwenye matao ya magurudumu. Mafuta hutoka kwenye dizeli iliyopulizwa zamani, au kwenye kompresa isiyotolewa maji. Ili kutofautisha, puliza hewa ya kompresa juu ya kioo safi kwa dakika moja kisha ukitazame kwa mshazari. Kioo kikipata ukungu wa mafuta, gari halina kosa.

Kioo kikibaki safi, rudi kwenye upangusaji. Kosa la kawaida ni kutumia kitambaa kimoja, ambacho baada ya mpanguso wa tatu kinahamisha mafuta badala ya kuyaondoa. Tumia vitambaa viwili vyeupe: cha kwanza kimeloweshwa kiyeyushi safi cha kuondoa mafuta, cha pili kikavu, kinachofuata nyuma yake kabla kiyeyushi hakijakauka. Vigeuzwe mara kwa mara, na kazi iendelee mpaka cha pili kitoke cheupe. Mafuta ya taa yanaweza kulainisha lami mwanzoni mwa kazi, lakini hayafai kwa upangusaji wa mwisho, kwa kuwa nayo huacha utando.

Rangi inabanduka kwa vipande

Geuza kipande kilichobanduka na uangalie mgongo wake, kwa sababu jibu limeandikwa hapo. Mgongo ukiwa na vumbi la kahawia, rangi ilishika kutu, na kutu ndiyo iliyoachia chuma. Ukiwa safi na laini, rangi ilikutana na uso usio na mikwaruzo. Mara nyingi ni brashi ya waya ya kuzungushwa iliyong'arisha chuma badala ya kukikwaruza, ama ni rangi ya zamani iliyooshwa bila kupigwa msasa. Msasa wa namba 80 hadi 120 unatosha kwa praima ya epoksi uvunguni. Mgongo ukiteleza vidoleni, ni sabuni isiyosuuzwa au mafuta. Ukiwa mweusi na wa kunata, rangi ilipakwa juu ya lami, na viyeyushi vyake viliilainisha lami hiyo. Hakuna praima inayoshikamana na lami iliyolegea, iondolewe yote.

Dawa za kugeuza kutu nazo zichunguzwe. Dawa yenye asidi ya fosforiki hufanya kazi juu ya utando mwembamba wa kutu iliyoshika, wala si juu ya magamba, na mabaki ya asidi yasiyosuuzwa hudhoofisha praima ya epoksi. Maelekezo ya kopo yafuatwe neno kwa neno, na dawa hiyo isipakwe mahali patakapochomelewa.

Malengelenge baada ya wiki au miezi

Toboa lengelenge moja kwa sindano. Likitoa maji, na chini yake kuna chuma cheusi au chenye kutu changa, chumvi ilibaki chini ya rangi. Hakuna rangi isiyopitisha unyevu hata kidogo; mvuke hupenya polepole, na chumvi iliyo chini huuvuta na kuukusanya, mpaka maji yanaiinua rangi. Lengelenge kavu lenye hewa linaelekeza kwingine: viyeyushi vilivyofungiwa na tabaka la pili lililowahi mno, au unyevu uliokuwa ndani ya maungio siku ya kupaka.

Chanzo cha chumvi hiyo katika miji ya pwani mara nyingi ni maji yenyewe ya kuoshea. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na sehemu za kuoshea magari huvitumia kwa sababu ni vya bei nafuu. Mtu anaweza kuosha uvungu kwa saa mbili kwa mashine ya presha, na akamaliza akiwa amepaka chuma chake chumvi mpya kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji ya kisima ambayo hayafai kwa chai hayafai kwa suuzo la mwisho. Matope yanaweza kutolewa kwa maji yoyote, lakini suuzo la mwisho liwe la maji ya bomba la mji au maji ya mvua yaliyokingwa, na yatumike kwa wingi.

Malengelenge yakiwa machache na yamekusanyika sehemu moja, kwa mfano chini ya karoseri ya samaki, ondoa rangi ya sehemu hiyo na sentimita 10 kuizunguka, rudia kuosha na kusuuza, kisha paka upya. Yakiwa yametawanyika uvungu mzima, kupaka tabaka jingine juu ni kutupa fedha. Kazi ianze kwenye suuzo.

Kutu inarudi kwenye maungio na vizingiti vya milango

Bati la nje linabaki zuri, lakini mstari wa kahawia unachuruzika kutoka kwenye maungio. Kutu hiyo inatoka ndani. Boksi za chasisi na vizingiti vya milango vina matundu ya kutolea maji ambayo huziba kwa matope, na mara nyingine huzibwa na fundi wa rangi mwenyewe. Zibua kila tundu kwa waya, ingiza mpira mwembamba wa maji upande wa juu, na uache maji yatiririke mpaka yatoke safi kwenye tundu la chini. Kiasi cha udongo kinachotoka katika boksi moja ya gari lililokuwa likienda mashambani hushangaza hata mafundi wa siku nyingi. Kausha kwa hewa, liache gari juani siku mbili, halafu nyunyizia nta ya ndani kwa mrija mrefu, baada ya kuchomelea kwisha, kamwe si kabla.

Baada ya kuosha, taa za dashibodi zinawaka au kunasikika mlio

Dalili hizi hutokana na presha iliyoelekezwa vibaya. Taa ya breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge) ikiwaka, maji yameingia kwenye kiunganishi cha sensa ya gurudumu. Taa ya injini mara nyingi huelekeza kwenye sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la egzosi. Fungua kiunganishi husika, kipulize hewa hadi kikauke, kikague kama kina ukungu wa kijani, kisha kirudishe. Kwa kuwa breki ni uhai, taa ya ABS ikiendelea kuwaka gari lisitolewe barabarani kabla ya kupimwa.

Mlio wa kukwaruza unaoongezeka kwa mwendo unamaanisha kwamba maji yamesukuma grisi nje ya krosi za shafti au yamepenya sili ya beringi. Krosi zenye nipeli zipigwe grisi mpya mpaka ya zamani na maji vitoke. Oili ya difu, yaani ya gia zilizo katikati ya ekseli, ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yaliingia kupitia kipumulio chake, na oili hiyo imwagwe siku hiyohiyo. Wakati mwingine wa kuosha, funika viunganishi kwa mifuko ya plastiki na tepu, weka mdomo wa mashine umbali usiopungua sentimita 30 kutoka kwenye sili na sensa, na usiielekeze presha moja kwa moja kwenye kipumulio cha difu.